Roho Hushuka Jumamosi

Kikohozi ndicho kilichotangulia. Kimoja, kikavu, cha mtu asiye na mafua. Kikafuata kimya cha kuhesabu hadi saba, halafu kikohozi cha pili, kizito, kama cha mtu aliyepigwa mgongoni na malaika. Ndipo sauti ilipopanda nyuma ya ukuta wa mbao.

"Marafiki, sikukusudia kusema neno lolote leo."

Kimya.

"Sikukusudia, Marafiki, kusema neno. Lolote. Leo."

Jikoni, mikono ikiwa ndani ya unga hadi viwiko, Abena aliona ile ya kwanza ilikuwa bora. Lakini hakuulizwa. Ilikuwa Jumamosi alasiri, na kila Jumamosi alasiri Gershom Aldwick, mwasisi wa koloni, mtetezi wa uhuru wa dhamiri, mfungwa wa zamani wa mfalme, alijifungia katika chumba chake cha kusomea akafanya mazoezi ya kushukiwa na Roho.

Asiyejua uzito wa jambo hilo na aujue sasa. Marafiki, dhehebu la Gershom, hawana padri, hawana mimbari, hawana kinanda. Siku ya Kwanza, ambayo watu wengine huiita Jumapili, huketi kwenye mabenchi, wanaume huku, wanawake kule, wakanyamaza. Hunyamaza saa nzima, mara nyingine saa mbili, mpaka Roho amguse mmoja wao, naye husimama, husema alichopewa, huketi. Neno lililopikwa nyumbani na kuletwa ibadani limefunikwa kitambaa ni uongo mbele ya Mungu. Gershom mwenyewe ndiye aliyeandika kijitabu cha kurasa tisini kuwacheka makasisi wa Uingereza wanaobeba mahubiri mfukoni kama kipande cha jibini. Kijitabu kilipendwa sana. Kilichapishwa mara tatu.

Basi Roho wa watu wengine alishuka Jumapili, bila taarifa. Wa Gershom alishuka Jumamosi, kati ya chakula cha mchana na kukamua ng'ombe, akarudiarudia mpaka akanyooka.

Miaka sita Abena alikuwa akimsikiliza. Alijua Roho angelia wapi kesho yake na angeshusha pumzi wapi. Kwao, katika nchi ya Waakan kule Afrika, mjomba wake alikuwa msemaji wa mfalme, mtu wa fimbo yenye kichwa cha dhahabu, ambaye kazi yake ilikuwa kulipokea neno na kulifikisha bila kudondosha hata silabi. Damu haipotei njiani, hata njia ikiwa bahari. Sikio la Abena lilinasa maneno kama lami inavyonasa unyoya.

Katika nyumba hii jina lake halikuwa Abena. Siku aliyomleta, Gershom alimuuliza maana ya jina hilo, akaambiwa ni mwanamke aliyezaliwa Jumanne. Gershom akasikitika. Marafiki hawataji siku kwa majina ya Kiingereza, yatokanayo na miungu ya kale. Wao husema Siku ya Tatu, Siku ya Nne, wakamaliza. Mtu mzima kubebeshwa siku ya kipagani tangu utotoni ni mzigo mkubwa, na Gershom alikuwa mtu wa huruma. Akamtua. Akamwita Prudence. Mzigo ule mwingine, wa kuwa mali yake, hakuuona, labda kwa sababu hakuwa ameubeba yeye.

Akamwonya pia asimwite Bwana. Marafiki hawana bwana wala mheshimiwa. Mfalme huitwa wewe, na mchunga nguruwe huitwa wewe. "Niite Rafiki Gershom," alimwambia, na machozi ya unyenyekevu yakamlengalenga. Kwa hiyo Abena aliamshwa alfajiri na Rafiki, akamwashia moto Rafiki, akamfulia soksi Rafiki, na kama angetoroka, Rafiki angemtumia mbwa.

Lakini tusimpunje mtu haki yake. Gershom alikuwa jasiri. Akiwa na miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya hakimu kule Uingereza na kofia kichwani, akaambiwa aivue, akajibu kwamba kofia huvuliwa kwa ajili ya Mungu tu. Kwa jibu hilo alikaa miezi minne katika chumba kisicho na dirisha, pamoja na Enoch Pell, fundi aliyeishona kofia yenyewe na ambaye kosa lake lilikuwa hilo hilo. Alitoka na kikohozi cha kweli, kilichopona, na sifa, ambayo haikupona kamwe. Baadaye mfalme, alipochoka naye, alimpa ardhi ng'ambo ya bahari, ardhi ambayo mfalme hakuwahi kuiona wala kuimiliki, na ndiyo maana aliitoa bila uchungu. Gershom akaja, akainunua tena kwa Walenape, wenyeji wake, kwa mablanketi, masufuria na vitana, hakuna bunduki iliyolia. Akajenga mji. Watu wakataka uitwe Aldwick, akakataa katakata, unyenyekevu ukamzuia. Mji ukaitwa Salome kwa jina la marehemu mkewe. Mto, kilima, kinu na barabara kuu tu ndivyo vikaitwa Aldwick.

Kisha akaandika sheria. Hakuna mtu atakayesumbuliwa katika koloni hili kwa ajili ya dhamiri yake. Hakuna mwanamume wala mwanamke atakayenyamazishwa anaponena kwa kuguswa na Roho. Myahudi akaja, Mkatoliki akaja, Mbaptisti akaja na kiu yake ya mito. Wote wakapata viwanja. Nchi za jirani, ambako watu walikuwa wakitobolewa ndimi kwa sababu ya sala, ziliisikia habari hiyo zikaona wivu.

Nyuma ya ukuta, Roho alikuwa amefika mahali patamu.

"Nilipokuwa gerezani, Nuru iliniingilia kupitia tundu la ukuta lisilozidi sahani. Nikajiuliza, Nuru hii ni ya nani? Marafiki, haina mwenyewe. Haiuzwi, hainunuliwi, haipakiwi melini. Imo ndani ya kila binadamu. Na anayemfungia binadamu mwenzake gizani, amemfungia Mungu mlango." Hapo sauti ikavunjika. Ikajaribu kuvunjika mara ya pili, safari hii kabla ya neno "Mungu," ikaonekana imependeza zaidi. "Kwa hiyo, Marafiki, furahini. Nimewaletea madirisha."

Nyumba ya ibada ya Salome ilikuwa na miaka kumi na miwili na haikuwa na kioo hata kimoja. Ilikuwa na vibao vya kufunga na kufungua. Vikifunguliwa wakati wa baridi watu waliganda. Vikifungwa walikaa gizani wakimngoja Mungu kama watu wanaowakimbia wadai. Madirisha yalikuwa ndoto ya kila mtu.

Mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa nahodha Rudge, mwenye meli iliyotia nanga mtoni tangu Alhamisi. Abena akanawa mikono, akapeleka mvinyo wa tufaha na mkate wa nyama ya nguruwe, akasimama kando kama kabati linavyosimama, na mbele ya kabati watu husema chochote.

Vioo vilikuwepo, nahodha alisema, ishirini na vinne, vimelazwa katika majani makavu kama mayai. Lakini ngano ya Gershom hakuitaka, ngano alikuwa nayo tele. Huko Barbados sukari ilikuwa inamwagika kwa kukosa mapipa, maana mafundi wa mapipa walikuwa wanakufa upesi kuliko walivyofundishwa. Alikuwa amemwona yule fundi wa Gershom, Kwaku, akikaza pete za chuma bila hata kupima kwa kamba. Huyo kwa vioo. Maneno mengine ya nini.

Gershom akatazama dari, kama afanyavyo Rafiki anapongoja uongozi wa Roho. Uongozi siku hiyo ulifika haraka. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba mtu huyo atendewe kwa upole njiani. Nahodha akasema angemlaza kwenye majani yale yale ya vioo. Wakapatana Jumatatu, maji yakijaa. Siku ya Pili, Gershom alimsahihisha. Nahodha akasema siku hiyo hiyo, yoyote jina lake.

Abena akaweka kikombe mezani. Hakikumwagika. Akatoka kwa mwendo wa kawaida hadi kona ya zizi, na kutoka hapo akakimbia.

Kwaku alikuwa mume wake. Hakuna aliyewafungisha ndoa. Walipeana maneno wenyewe, mwaka wa nne sasa, yeye na Abena wakishika bakuli moja la maji. Alimkuta bandani akipinda mbao juu ya moto wa maranda.

"Umeuzwa," alimwambia, kwa sababu habari kama hiyo haina mlango wa nyuma.

Kwaku alipiga nyundo mara mbili zaidi. Pete ilikuwa nusu njia, hakuweza kuiacha. "Kwa nani?"

"Rudge. Barbados. Keshokutwa."

"Kaniuza kwa kitu gani?"

"Vioo ishirini na vinne. Vya nyumba ya ibada."

Akaiweka nyundo chini. Akajitazama mikono, mbele na nyuma. "Ishirini na vinne," alisema. "Mke wangu, hata mimi sikujua kama napitisha mwanga kiasi hicho."

"Usinichekeshe, Kwaku."

"Ulitaka nilie? Mbao zitalowa, pipa litavuja, halafu Rafiki atasikitika."

Kisha akakaa juu ya pipa lisilo na kifuniko. Walizungumza juu ya msitu, wakauacha. Katika ule mkataba wa amani na Walenape, ambao Gershom hupenda kuusoma kwa sauti, kulikuwa na mstari mdogo ambao hausomwi, kwamba mtumishi akitoroka arudishwe. Walizungumza juu ya mguu wake, kama angejiumiza kwa shoka nahodha asimtake. Abena akasema nahodha hahitaji miguu, anahitaji mikono. Walizungumza juu ya kumwomba Gershom. Hilo walilijadili kwa muda mfupi kuliko yote.

Kwa mazoea tu, maana kila Jumamosi Abena alimwigizia mahubiri ya kesho, na hicho ndicho kilikuwa kicheko chao cha wiki, Kwaku akauliza, "Na kesho Roho atasemaje?"

Abena akaanza, bila raha. Kikohozi. Saba. Kikohozi. Gereza, tundu, sahani. "Haiuzwi, hainunuliwi, haipakiwi melini," akasema, akanyamaza. Wakatazamana.

"Abena, hapana."

"Sijasema kitu."

"Nimekuona uso."

"Sheria yake inasema mwanamume wala mwanamke. Ameiandika mwenyewe."

"Aliandika akiwawaza wake zao."

"Basi angeandika wake zao. Yule mtu hajawahi kukosa neno."

"Watakuchapa."

"Marafiki hawachapi."

"Watakuuza."

Abena alichukua unyoya wa randa uliokuwa umenasa kwenye nywele za mumewe, akautupa motoni. "Basi tutaonana Barbados," alisema.

Siku ya Kwanza ilikuwa na baridi, vibao vikafungwa, na watu sitini na kitu wakaketi katika mwangaza wa nyufa. Mbele, kwenye benchi linalowatazama wengine, waliketi wazee: Gershom katikati, na upande wa wanawake Hephzibah Coates, mkunga, ambaye mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya mji. Nyuma kabisa, chini ya ngazi, palikuwa na benchi fupi la Waafrika. Walikuwa wanne siku hiyo. Nuru ya Ndani imo katika kila mtu kwa kiasi sawa, wazee walifundisha, lakini mabenchi hayakuwa na urefu sawa.

Kimya kikaingia. Kimya cha Marafiki si cha kitoto. Huanza na viatu, kisha matumbo, kisha hata matumbo huona haya. Watu wengi mle ndani walikuwa wakimngoja Mungu kweli, kwa moyo safi, na hilo ndilo lililomtisha Abena zaidi. Mwongo unaweza kumdharau. Mtu anayesali kweli atakutazama usoni.

Ilipita saa, au karibu. Wakati ulipoiva, Gershom akakohoa. Kimoja, kikavu.

Abena akahesabu. Alipofika tano akasimama.

"Marafiki," alisema, "sikukusudia kusema neno lolote leo."

Alikuwa anatetemeka. Magoti yaligongana chini ya sketi, meno yakataka kufuata. Ilikuwa hofu tupu, hofu ya kuku aliyeona kisu. Lakini watu wa nje huwaita Marafiki Watetemekaji, kwa sababu ndivyo babu zao walivyofanya Roho alipowashika, na kwa miaka mingi Salome hakuna aliyetetemeka, walikuwa wamenenepa. Wazee wakaiona mikono ya yule mwanamke ikicheza kama majani, na baadhi yao wakainamisha vichwa kwa heshima.

Mzee mmoja wa benchi la mbele hakuinamisha. Aliinuka nusu, mkono mbele, kumnyamazisha.

"Keti, Rafiki," Hephzibah Coates alisema bila kugeuka. "Kuna mtu ananena."

Akaketi.

Abena akaendelea. Alisimulia gereza, na giza, na tundu lisilozidi sahani, kwa sababu ndivyo neno lilivyokuja, na neno hufikishwa kama lilivyo. Akajisema "nilipokuwa gerezani," na hakuna aliyecheka, maana kila mtu alikumbuka ghafla kwamba mwanamke yule naye aliwahi kuwa chini ya sitaha ya meli, mahali ambapo tundu la ukubwa wa sahani lingekuwa anasa. Alishusha pumzi pale pa kushusha pumzi. Sauti ikamvunjika kabla ya neno "Mungu," nayo haikuhitaji kujaribu mara mbili.

Gershom alikuwa ameketi wima. Kwanza alishangaa, kama mtu anayesikia wimbo wa kwao ugenini. Kisha akatambua. Yalikuwa maneno yake, na vituo vyake, mtoto wake mwenyewe akipita njiani mgongoni mwa mwingine. Na angefanya nini? Kusema "hayo ni yangu" ni kusema yalikuwepo jana. Mwandishi wa kile kijitabu cha kurasa tisini akauma mdomo, akasikiliza mahubiri yake hadi mwisho. Yalikuwa mazuri sana. Hakuwahi kujua.

Ila mwisho ulikuwa tofauti.

"Haipakiwi melini," Abena alisema. "Lakini Kwaku atapakiwa. Kesho. Yule anayewatengenezea mapipa ya bia na ya nyama, ambaye ni mume wangu, amebadilishwa kwa vioo vya madirisha ya nyumba hii. Mmeomba mwanga uingie. Basi mjue utaingia kupitia kwa nani."

Akaketi. Mwanamke aliyekuwa kando yake akamshika mkono.

Watu walitazama vibao vya madirisha. Wengine walijua habari za vioo na hawakuuliza vinatoka wapi. Hao walitazama zaidi.

Gershom hakuwa na mahubiri tena, yalikuwa yametumika. Akafanya jambo moja lililobaki kwa mzee aliyebanwa, akapiga magoti kuomba. Na hapa pana desturi. Rafiki hamvulii kofia hakimu, wala gavana, wala mfalme. Lakini mwenzake akipiga magoti kuomba kwa sauti, wote husimama, na wanaume wote huvua kofia, kwa ajili ya Mungu anayeombwa. Mwanamume akibaki na kofia kichwani, maana yake ni moja tu. Anasema: sala hii si yetu, na huyu anayeomba simo pamoja naye. Hilo halikuwahi kutokea Salome.

"Ee Mungu," Gershom alianza, na ikadhihirika kwamba sala hakuwa ameifanyia mazoezi. "Wewe unajua. Wewe unayejua… mambo yote. Tunakuomba, unajua, utupe… utupe kujua."

Alifumbua jicho moja. Watu wamesimama, ndiyo. Lakini safu ya tatu, Enoch Pell, fundi wa kofia, mwenzake wa gerezani, alikuwa amesimama na kofia yake imekaa kichwani kama kifuniko cha chungu. Jirani yake, aliyekuwa ameshika yake mkononi, alimtazama Enoch, akamtazama Gershom, akairudisha kichwani taratibu. Kisha mwingine. Kisha benchi zima la wasaga nafaka. Kofia kumi na saba, na kwa kuwa zote zilitoka karakana moja zilifanana kama mashahidi waliokwisha patana.

Yule aliyefungwa miezi minne kwa kutovua kofia alipiga magoti mbele ya kofia, akasema amina mapema kuliko siku zote.

Enoch Pell hakuwa msemaji. Katika miaka kumi na miwili Roho hakuwahi kumgusa, au alimgusa akakuta amelala. Siku hiyo alisema akiwa bado amesimama.

"Gershom, mimi na wewe tulikaa gizani miezi minne. Hatukufa. Mimi naweza kukaa tena. Kwa vioo vile siwezi kuona."

Hephzibah Coates akampa mkono aliyekuwa karibu naye, naye akampa wa pili, na kwa kupeana mikono ibada ikaisha, kama desturi. Mikono mingi ilikuwa ya baridi.

Nje, kwenye nguzo za kufungia farasi, Gershom alimfikia Abena kabla ya wengine. Sauti yake ilikuwa ya chini. Hakukohoa.

"Prudence. Nani alikupa maneno yale?"

"Yule yule anayekupa wewe, Rafiki Gershom," Abena alisema. "Wewe anakuja moja kwa moja. Mimi ananipitishia ukutani."

Uso wa mwasisi ukapata rangi ya kiazi sukari kilichochemshwa. Akaangalia nyuma. Hephzibah alikuwa anakuja, na Enoch, na katikati yao Kwaku, aliyevaa shati safi kama mtu aendaye harusini au mazikoni.

Hephzibah aliuliza tu nahodha atajibiwa nini. Gershom alieleza, na alieleza kwa muda mrefu. Kwamba aliwanunua watu hawa wawili ili kuwaokoa na mabwana wabaya. Kwamba madirisha hayakuwa yake bali ya wote, wajane na watoto wakiwemo. Kwamba dhamiri ya mtu ni kitu kimoja na mwili wake unaofanya kazi ni kitu kingine, na sheria zake zililinda kile cha kwanza. Enoch Pell akauliza kama Kwaku akipanda meli, dhamiri yake itabaki Salome, na kama itabaki, nani ataipikia. Hakuuliza kwa ubishi. Alionekana anataka kujua.

Gershom akatazama juu. Safari hii uongozi ulichelewa. Kundi la watu lilikuwa limesimama hatua chache, linajifanya kufunga hatamu za farasi.

"Vioo vitarudi melini," alisema mwishowe. "Kwaku hataondoka."

"Mwambie yeye," Hephzibah alisema. "Mimi sisafiri."

Ikambidi Gershom ageuke. Katika miaka mitano alikuwa amemtazama Kwaku mikono mara nyingi. Macho hakuwa na hakika nayo.

"Kwaku, sitakuuza. Sili kiapo, unajua hatuapi. Ndiyo yangu ni ndiyo."

"Na mke wangu?"

"Wala Prudence."

"Simjui huyo," Kwaku alisema.

Farasi mmoja alipiga kwato. Gershom akamgeukia mwanamke. "Wala Abena."

Kwaku akatoa pumzi ambayo huenda alikuwa ameishikilia tangu ile nyundo ya jana. Mabega yakashuka. Kama habari ingeishia hapo kila mtu angerudi nyumbani kula kwa amani, na Enoch alikuwa amekwisha geukia punda wake. Lakini Abena hakusogea.

"Na kuwa huru?" aliuliza.

Ah, hapo Gershom alipata sauti yake. Hilo, alisema, lilikuwa jambo kubwa, na jambo kubwa halivunwi bichi. Lingepelekwa kwenye mkutano wa mwezi, nao ungeteua watu wa kulitafakari. Wao wangelipeleka kwenye mkutano wa robo mwaka, na robo mwaka kwenye mkutano wa mwaka. Marafiki hawapigi kura. Wangengoja mpaka wote waione njia kwa moyo mmoja. Ingechukua misimu, pengine miaka. Nuru haiharakishwi. Alipofika hapo alikuwa amesimama vizuri tena, mkono mmoja kifuani. Hephzibah alitazama viatu vyake. Dada yake alikuwa na msichana wa Kiafrika jikoni. Enoch Pell, aliyekuwa shujaa kwa robo saa nzima, alishughulika na kamba ya punda.

Abena akangoja mpaka amalize, kwa adabu. Watu waliokuwa wakijifanya kufunga hatamu waliacha kujifanya.

"Tafakari, Rafiki Gershom," alisema, na safari hii hakutetemeka. "Peleka mwezi, peleka mwaka. Mimi nakuahidi hivi, hawa wote wakisikia. Siku ya Kwanza ijayo nitasimama mle ndani nikuulize ni lini. Na ile ya baada yake nitasimama. Na ile ya baada yake. Nitakuuliza theluji ikianguka na mahindi yakikomaa, mpaka mvi zikutoke na mimi zinitoke. Na ukitangulia kufa, nitamuuliza atakayekaa mahali pako."